Taya la Kushoto

Sanduku la mifupa lilikuwa juu ya kabati la majalada, limefungwa kamba ya katani na kupigwa lakiri mbili, na barua ya kulitoa ilikuwa imeshasainiwa. Saa tisa alasiri Fabiano angefika na gari kutoka Kilimatinde amchukue mdogo wake akamzike. Mkuu wa upelelezi wa mkoa ndivyo alivyosema asubuhi, akaongeza kwamba jalada lile limekaa miezi minane na hataki kuliona likifikisha tisa.

Sajenti Mughwai akaitikia ndiyo afande. Alipotoka nje kunawa mikono akamkuta tena yule mama kwenye benchi.

Ilikuwa siku ya nne. Jina lake Klara, mkulima wa Nduguti, wa miaka arobaini na kitu, kitenge cha kijani, mfuko wa rambo mapajani. Jumatatu alikuja kuitazama picha iliyobandikwa ukutani, akasema si yeye, akaweka sahihi, na ikawa imekwisha. Lakini hakuondoka. Alikuwa amefikia kwa shemeji yake Utemini, na kila asubuhi alirudi kukaa mbele ya picha ile ile aliyoikataa.

"Mama, bado upo?"

"Nipo, afande."

"Si ulisema si yeye?"

"Si yeye."

"Sasa unasubiri nini?"

Klara akainua macho ukutani. "Nasubiri nione kama nilikosea."

Mughwai hakunawa tena. Alibaki amesimama na sabuni mkononi.

Picha ile ilikuwa na historia yake. Miezi minane nyuma, warina asali wa Rungwa walikuta fuvu na mifupa michache chini ya mninga, ndani ya shimo lililofunikwa magome. Mtu hajifukii mwenyewe, na nyuma ya fuvu palikuwa na ufa, kwa hiyo lilifunguliwa jalada la mauaji. Moto wa pori ulikuwa umepita juu ya shimo mwaka hadi mwaka. Maabara ikajibu kwamba mifupa imeungua mno, haiwezi kusema ni ya ukoo gani. Ndipo mtu akakumbuka kwamba pale mjini yupo dada anayechonga sura kwenye kompyuta. Hospitali ikampa skani ya fuvu, yeye akalivisha nyama na ngozi, na polisi wakaubandika uso huo kila stendi, kuanzia Rungwa na Itigi mpaka Nduguti.

Walikuja watu kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walimtambua. Mama mmoja wa Ikungi alikuja na shati la mwanawe ili avishwe kabla ya kuzikwa. Mzee mwingine aliusalimia ule uso kwanza, akauuliza habari za siku nyingi, ndipo akaongea na polisi. Konstebo wa zamu alisema marehemu ana ndugu wengi kuliko diwani. Mughwai aliwachuja mmoja mmoja, kwa umri, kwa urefu wa mfupa wa paja, kwa meno, na kila aliyechujwa aliondoka akigeuka nyuma. Akabaki Fabiano peke yake. Mdogo wake Amosi aliaga mwaka 2015 anakwenda kwenye dhahabu Chunya, na njia ya Chunya inapita Rungwa. Maelezo ya Fabiano yalikuwa safi, hayana pengo.

Wakati wale kumi na mmoja walisema ndiyo, mtu mmoja tu alisema hapana, na huyo ndiye aliyekuwa bado yupo kwenye benchi.

Mughwai akakaa naye. Akamwuliza mumewe aliitwa nani, na alipotea vipi. Klara akaeleza bila haraka, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi kwa watu wasioandika. Leonidas aliondoka msimu wa asali wa mwaka huo huo 2015, kwenda kambi ya Rungwa kwa mara ya kwanza, akamwacha na watoto watatu na baiskeli. Baiskeli bado ipo. Kila mwezi anaijaza upepo, maana mpira ukikaa bila upepo unakatika, na mtoto mkubwa anaizungusha uani ili mnyororo usishike kutu. Mwenyewe hajui kuendesha.

"Kwa nini unasema huyu si yeye?"

"Mdomo wake umekaa katikati. Huyu akicheka anacheka pande zote mbili. Mume wangu alikuwa anacheka upande mmoja."

"Upande mmoja kivipi?"

Klara akashika shavu lake la kushoto. Alisema mrina asali akipanda mti mikono yote miwili iko kwenye shina, na kamba ya kushushia debe hana pa kuishika. Wengine huifunga kiunoni. Leonidas aliiuma kwa meno, upande wa kushoto, tangu akiwa mtoto anamfuata baba yake. Kamba ya gome, na mwisho wake debe la asali. Miaka mingi ya kuuma hivyo ilimjaza taya moja.

"Shavu lilikuwa kama amebania kipande cha muhogo," alisema. "Watoto walikuwa wanalishika, wanamwambia baba, nigawie."

Mughwai akauliza kwa nini maneno hayo hayamo kwenye maelezo yake ya Jumatatu.

"Konstebo alisema anayekataa hana haja ya maelezo. Akaandika si yeye, nikasaini."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro robo. Mughwai akaingia ndani, akafungua jalada kwenye ripoti ya daktari. Aliwahi kuisoma. Ukurasa wa pili, mstari wa saba: meno ya pembeni upande wa kushoto yamelika kuliko ya kulia, na mfupa wa taya la kushoto ni mnene, una ukingo pale msuli unaposhika. Akachukua rula, akatoka mpaka ukutani. Kutoka katikati ya pua hadi pembe ya taya la kulia, sentimita tisa na milimita mbili. Upande wa kushoto, sentimita tisa na milimita mbili. Akapima macho, akapima masikio, akapima pembe za mdomo. Hakuna kilichozidi wala kupungua.

Akamwita konstebo wa zamu, akamshika kidevu, akampima na yeye. Pande zake zilipishana milimita nne.

"Umepinda," Mughwai akamwambia.

"Afande, mama yangu hajawahi kulalamika."

"Kila mtu amepinda. Ila huyu wa ukutani."

Akachukua pikipiki.

Ofisi ya Jesca ilikuwa Kibaoni, chumba kimoja nyuma ya mashine ya kukamua alizeti, na harufu ya mashudu iliingia mpaka kwenye karatasi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkavu wa maneno, anayeishi kwa kuchapa mabango ya harusi na kuwachongea watu wa Arusha vichwa vya michezo ya simu. Kazi ya fuvu aliifanya bure. Mughwai hakuzunguka.

"Ule uso, upande wa kushoto uliutoa wapi?"

"Nilinakili wa kulia."

Alisema hivyo kama fundi cherehani anavyosema amekata mkono wa pili kwa kufuata wa kwanza. Kisha akaona uso wa Mughwai, akavuta kiti cha pili.

Akamwonyesha. Mtu hachongi kichwa kuanzia hewani, alisema, anaanza na kichwa cha kuanzia, ambacho wenyewe wanakiita meshi: wavu wa nukta elfu kadhaa zilizounganishwa kama wavu wa samaki, usio na umri wala kabila. Ukiwasha simetri, unachonga shavu moja na la pili linafuata lenyewe. Lakini kile kichwa alichokuwa nacho kilikuwa na ugonjwa. Akasogeza kalamu yake kwenye shavu la kulia la kichwa cha rangi ya majivu kwenye skrini, na upande wa kushoto badala ya shavu likavimba sikio.

"Umeona? Mstari wa katikati umehama. Na nukta nyingine hazina pacha upande wa pili. Mtu alikifanyia kazi kabla yangu akakiharibu. Mimi nilifanya wanachofanya wote. Nikatupa nusu mbovu, nikaikunja nusu nzuri."

"Na fuvu?"

Jesca akaiweka kalamu mezani.

"Fuvu lilipoingia ndani ya kichwa, taya la kushoto lilitokeza nje ya ngozi. Nilidhani skani imepinda. Fuvu lililazwa vibaya kwenye mashine, nikasema, au ni udongo uliogandia. Kwenye kazi yetu, afande, pande mbili zisipolingana hilo ni kosa. Unalirekebisha hata hujafikiri."

"Ukalikunja na fuvu."

"Nikalikunja na fuvu."

Mashine ya alizeti ilizimika upande wa pili wa ukuta.

"Nusu ya fuvu uliyoitupa, umeifuta?"

Jesca akafungua folda, akashuka nayo mpaka chini kabisa. Lilikuwepo faili moja lenye jina 'kushoto mbovu'. Akalifungua. Taya likageuka taratibu kwenye skrini, na hata Mughwai, ambaye alizoea zaidi ng'ombe wa wizi kuliko mafuvu, aliona ukingo wa mfupa pale pembeni, mnene kama ukingo wa jembe lisilokaa sana kwenye nyundo ya mhunzi.

Akamwuliza kama anaweza kuuchonga uso upya kabla ya saa nane.

"Naweza. Lakini usiniambie alikuwaje. Naona una kitu mdomoni. Ukiniambia nitachonga maneno yako, halafu mbele ya hakimu utaaibika. Nipe daktari tu."

Mughwai akampa ripoti ya daktari, akakunja mikono. Kwa muda wa zaidi ya saa tatu alitoa maneno machache tu. Kituoni jambo hilo lingeandikwa kwenye kitabu cha matukio.

Jesca alianza na mstari wa katikati. Alizishika nukta zote zinazoshuka kutoka utosini, katikati ya paji, juu ya pua, mpaka kidevuni, akazirudisha zote kwenye sifuri, moja baada ya moja pale zilipogoma. Halafu akaanza kuzitafutia nyingine pacha. Nukta ya kona ya jicho hili na ya kona ya jicho lile. Alizozikosa aliziumba. Alifanya hivyo muda mrefu mpaka Mughwai akauliza kwa nini anahangaika kusawazisha kitu ambacho lengo lake ni kukipindisha.

"Pacha si lazima wafanane," Jesca alisema bila kugeuka. "Lazima kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi. Wasipojuana, nikivuta shavu linakuja na sikio. Wakijuana, naweza kumvuta mmoja na mwingine akabaki kwake."

Saa sita na robo alizima simetri. Kuanzia hapo akafanya kazi upande mmoja tu. Alifuata mfupa. Pale ukingo ulipokuwa mnene aliweka msuli mnene, kwa vipimo vya daktari, na msuli ulipojaa ukavuta ngozi, na ngozi ikavuta pembe ya mdomo ikapanda kidogo. Hakuna aliyeiambia pembe ile ipande. Mughwai alisogeza kiti mbele.

"Nini?" Jesca akauliza.

"Endelea."

Alipomaliza, Mughwai akamtaka amchongee na nyuso nyingine nne, kila mmoja umepinda mahali pake: pua, jicho, taya la kulia, kidevu. Zote tano zichapwe ukubwa mmoja, karatasi ya aina moja. Akampigia simu konstebo amlete Klara.

Klara aliingia akamsalimia Jesca, akasimama mlangoni na mfuko wake wa rambo. Karatasi tano zilikuwa mezani. Mughwai akamweleza sheria: asiharakishe, anaweza kusema hayumo, na hakuna atakayemlaumu. Kisha yeye na Jesca wakasogea dirishani ili macho yao yasimwongoze.

Klara akaanza kushoto kwa meza, kama walivyomwambia. Wa kwanza akampita. Wa pili akampita. Wa tatu akamwangalia kidogo, akampita. Alipofika kwa wa nne aliweka mfuko sakafuni. Hakulia. Alinyoosha mkono, akakibana kile kipande cha shavu la kushoto kwa vidole viwili, juu ya karatasi, taratibu kama mtu anayechelea kumwamsha aliyelala.

"Nigawie," alisema.

Kisha akaongeza maneno kwa Kinyiramba, marefu, kwa sauti ya chini, na Mughwai ambaye ni Mnyaturu hakuyapata yote, wala hakuomba kutafsiriwa. Akaandika saa: nane na dakika kumi na mbili. Jesca alikuwa amegeukia ukuta wa mashine ya alizeti.

Klara alipomaliza, Mughwai akamwuliza swali moja. Kambini Rungwa Leonidas alikwenda na nani?

Klara alisema hakumjua. Mwenyeji mmoja aliyemwahidi kumwonyesha mahali pa kutundika mizinga. Mtu wa upande wa Manyoni. Mumewe alimtaja mara moja tu, hakumwita kwa jina, alimwita yule wa Kilimatinde.

Mughwai alirudi kituoni kwa mwendo ambao konstebo wa barabarani angemwandikia. Akafungua jalada kwenye maelezo ya Fabiano, yale safi yasiyo na pengo. Aliyasoma mara nne katika wiki tatu, na mara zote nne aliupita mstari huu: Nimemtambua marehemu mdogo wangu kwa paji lake la uso, na kwa taya lake la kushoto ambalo limejaa kuliko la kulia.

Pikapu nyeupe ilifika saa tisa kamili. Nyuma kulikuwa na jeneza dogo la mbao mpya, na mbele, kando ya dereva, mama mzee mwembamba aliyekumbatia sanda iliyokunjwa. Mughwai akaenda dirishani kwake kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Rebeka, mama yake Amosi. Atachukua muda?"

"Kuna karatasi kidogo. Mama, Amosi alikuwa na kazi gani kabla ya Chunya?"

"Cherehani," alisema Rebeka, na alifurahi kuulizwa. "Alikuwa wa kukaa chini. Huyo hata ngazi ya kupakia rangi dari la kanisa alikataa kupanda, wenzake wakamcheka. Fabiano ndiye wa miti. Huyo alikuwa nyani."

Fabiano alikuwa ameshaingia ndani. Mtu wa miaka hamsini, koti zuri, utepe mweusi kifuani. Mughwai akamkaribisha kiti, akaitandaza picha ya ukutani mezani.

"Kabla sijatoa sanduku. Maelezo haya ni yako?"

"Ni yangu."

"Umesema ulimjua kwa taya la kushoto limejaa. Nionyeshe."

Fabiano akanyoosha kidole. Kidole kikafika kwenye shavu la kushoto la picha, kikatulia, kikahamia la kulia, kikarudi.

"Hapa."

Mughwai akampa rula. "Pima."

"Afande, mimi si fundi. Namjua mdogo wangu."

"Pima tu."

Akapima. Tisa na mbili. Akapima tena upande wa pili.

"Picha hii haina taya lililojaa," Mughwai akasema. "Aliyeichonga alikosea, akalifuta. Toka Rungwa mpaka Nduguti hakuna aliyeweza kuliona, kwa sababu halimo. Wewe uliliona wapi?"

"Niliongea kwa kumbukumbu. Amosi alikuwa hivyo."

"Amosi alipataje taya la hivyo?"

"Alizaliwa nalo."

"Mama yako yuko nje. Nimwulize?"

Fabiano akaangalia mlango. Mughwai hakusubiri jibu. Akatoa karatasi ya pili kutoka kwenye jalada, akailaza juu ya ile ya kwanza. Uso wenye shavu la muhogo na pembe ya mdomo iliyopanda ukamtazama Fabiano kwa nusu ya kicheko.

Kiti cha Fabiano kilirudi nyuma mpaka kikagonga kabati, na sanduku la mifupa likatikisika juu yake.

"Kamba ilikatika," alisema.

Mughwai akachukua kalamu. "Sijakuuliza kamba."

Nje upepo ulikuwa ukisukuma lango la kituo, linafunguka na kujifunga. Fabiano alifuta mdomo kwa utepe mweusi, akauona mkononi, akauficha. Mughwai akamsomea onyo neno kwa neno: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa. Akamwuliza kama anataka wakili. Fabiano akasema anataka maji. Akanywa, akaweka kikombe, na tangu hapo hakufungua tena mdomo. Kama kamba ya Leonidas ilikatika akaanguka mtini, au ilikatwa, mti ule wa mninga bado umesimama, na kazi ya kuupanda na kuutazama ilikuwa ya wiki inayofuata. Konstebo akampeleka mahabusu.

Mkuu wa upelelezi alisoma mistari ile miwili, ya daktari na ya Fabiano, akaichana barua ya kulitoa sanduku. Akasema fuvu lirudi kwa daktari kwa mara nyingine, na Jumatatu mwenye mume apewe mumewe.

Ilibaki pikapu.

Rebeka alikuwa ameshashuka. Alisimama nyuma ya gari, mkono juu ya jeneza. Klara naye alikuwa amerudi kwenye benchi lake, hatua kumi tu kutoka pale, karatasi ya Jesca mapajani. Wanawake wale wawili walikuwa wameshaamkiana, hawajuani.

Mughwai akavua kofia. Akamwambia Rebeka kwamba mifupa ile si ya Amosi, ni ya mume wa yule mama. Akamwambia kwamba Fabiano atabaki, na kwa nini anabaki: mifupa ikizikwa kwa jina la Amosi, hakuna ambaye angeuliza tena yule mtu alikwenda Rungwa na nani. Alisema yote kwa mpigo, kwa sababu alijua akisimama katikati hatamaliza.

Mkono wa Rebeka haukutoka kwenye jeneza.

"Kaburi liko wazi tangu jana," alisema mwishowe. "Nilisimamia mwenyewe. Niliwaambia wachimbe refu, Amosi alikuwa mrefu." Akameza mate. "Fabiano alijua si yeye?"

"Alijua, mama."

"Na akaniacha nichimbe."

Dereva aliwasha gari, Rebeka akamtazama, naye dereva akazima.

Kisha mama yule alivuka uwanja, miguu yake mikavu ikiburuza malapa, akasimama mbele ya benchi. Klara akainuka kwa heshima. Rebeka hakueleza yeye ni nani. Alitazama karatasi ile, uso ule wenye nusu ya kicheko, muda mrefu kama anayekariri kitu. Akaiweka sanda mikononi mwa Klara.

"Jeneza ni la mninga," alisema. "Limeshatengenezwa. Litakaa hapa mpaka Jumatatu. Usimweke kwenye lile sanduku lao la karatasi."

Klara akamtazama Mughwai, akamtazama yule mzee, na Mughwai akaona anaelewa ni mama wa nani. Sanda ilikuwa mikononi mwake. Angeweza kuirudisha, na hakuna ambaye angemshangaa. Akaishika vizuri zaidi.

"Asante, mama," alisema.

Konstebo na dereva wakalishusha jeneza, wakaliingiza ndani. Mughwai alirudi ofisini akaichukua ile picha ya kwanza, ya uso ulionyooka, akawa anatafuta pa kuitupa. Aliposikia mtu nyuma yake, akageuka. Rebeka alikuwa mlangoni.

"Hiyo ni ya nani sasa?"

"Si ya mtu, mama. Ni kosa la kompyuta. Pande zake zimenakiliwa."

"Kwa hiyo hakuna anayeitaka."

"Hakuna."

Akanyoosha mikono yote miwili. Mughwai alitaka kumwambia kwamba watu kumi na mmoja walimwona mtu wao humo, na mzee mmoja aliisalimia. Akampa.

Rebeka hakuikunja. Aliibeba wazi mpaka kwenye gari, akakataa kiti cha mbele, akasaidiwa kupanda nyuma. Akailaza picha mahali jeneza lilipokuwa, akakaa kando yake, na gari lilipotoka langoni kuelekea barabara ya Manyoni alikuwa ameiwekea kiganja juu ya shavu, upepo usije ukaichukua.